Nilihama na Udongo Wangu

Dereva wa kirikuu alikuwa ameshapakia kitanda, cherehani, kabati la vyombo na madumu ya maji, akaniona natoka tena uani na kiroba begani. Kilikuwa cha tisa. Akakipokea, akakipima kwa mikono, akauliza, "Mama, humu mna mahindi?" Nikamwambia mna udongo. Akacheka mpaka akaegemea gari. "Wenzio wanahama na magodoro, wewe wahama na ardhi!" Tulikuwa tumepatana shilingi 25,000 kutoka Makorora hadi Sahare. Akaongeza 10,000 ya udongo, nami sikubishana. Ningekuwa mimi dereva ningeongeza zaidi.

Mimi ni fundi cherehani, na sijawahi kuwa na nyumba yangu. Tangu niolewe nimekaa nyumba tatu za kupanga hapa Tanga mjini, na zote tatu nimezilima. Watu wakiona mchicha na maua mlangoni kwangu huuliza mbegu nimezitoa wapi. Hakuna anayeuliza habari za udongo, na mimi mwenyewe sikuziuliza kwa miaka mingi.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba. Vyumba sita, wapangaji wanne, na ua wa ndani uliosakafiwa saruji kutoka ukumbini hadi mlango wa choo. Sikuanza kwa kupenda bustani. Nilianza kwa hasira ya kotmiri, majani ya giligilani. Unataka vijiti viwili vya kachumbari, unauziwa fungu zima. Kesho yake limelegea, keshokutwa limeoza. Nikachukua ndoo iliyokatika mkono, nikajaza mchanga uliobaki kwa jirani aliyekuwa akijenga, nikamwaga mbegu za giligilani za dukani, zile zile za kutia kwenye pilau.

Hazikuota. Nikamwaga tena, zikaota tatu, nyembamba kama uzi wa bobini, zikalala.

Makosa yalikuwa mawili. Kile kiduara cha giligilani si mbegu moja, ni mbili zilizokumbatiana. Ukizisugua taratibu kwa chupa zikaachana, ukaziloweka usiku mmoja, zinaota vizuri zaidi. Hilo nilifundishwa mapema. La pili lilinichukua muda. Mchanga wa kujengea hauna chakula cha mmea na haushiki maji. Unaumwagilia asubuhi, saa sita umekauka kama haukuguswa. Na hata nilipopata udongo mzuri, kotmiri haikunivumilia joto la Tanga: ukichelewa kidogo imeshatoa maua na majani yamekuwa nyuzi. Siku hizi napanda kidogo kidogo, kila baada ya wiki mbili, mahali penye kivuli cha mchana, na siitarajii iishi.

Shangazi yangu wa Chongoleani ndiye aliyenishauri nichanganye makumbi ya nazi, kwamba yanashika maji. Ushauri ulikuwa mzuri. Utekelezaji ndio uliokuwa wangu. Nikaenda ufukweni nikaokota makumbi yaliyokwisha kuozeshwa, yale yanayofukiwa kwenye matope ya bahari ili zipatikane nyuzi za kusokota kamba. Yalikuwa laini, tayari, tena ya bure. Nikayachambua, nikajaza ndoo nne, nikasia mchicha. Ukaota, ukatoa majani mawili, ncha zikaungua, na wiki haikuisha kabla haujafa wote. Shangazi alipokuja kunitembelea akachukua kipande cha kumbi akakigusisha ulimini. "Mwanangu," akasema, "umepanda mchicha kwenye ng'onda."

Makumbi yanafaa, lakini uyachukue makavu ya jikoni, uyachambue, uyaloweke kwenye maji ya bomba siku mbili tatu huku ukimwaga na kubadilisha. Hata yale ambayo hayajaona bahari yana chumvichumvi yake.

Mkasa uliofuata ulikuwa wa mbolea ya kuku. Jirani mfugaji alinipa debe zima, mbichi, bado ina moto wake. Nikaitia kwenye ndoo kwa ukarimu, kama mtu anayemtilia mgeni pilau. Siku mbili, mchicha ukawa umepikwa. Nikajifunza kuingiza mkono kwenye mbolea kabla ya kuitumia: ikiwa na joto, au ikikupasua pua kwa harufu, iache. Ikishakuwa baridi na kunuka udongo wa mvua, imeiva. Samadi ya ng'ombe ni pole zaidi, na mji huu haukosi ng'ombe wa maziwa. Wafugaji wengi wanafurahi ukiwapunguzia rundo. Mimi nilikuwa naletewa na kijana kwa baiskeli, viroba viwili kwa safari.

Halafu machicha ya nazi. Hili naliandika kwa wanawake wa pwani hasa, maana najua kila siku tunabaki nayo mkononi baada ya kukamua tui, na roho inakataa kuyatupa. Usiyatie kwenye ndoo ya mmea. Yana mafuta, yanachacha, yanaita siafu, na baada ya siafu wanakuja panya. Wapangaji wenzangu waliitisha kikao kwa ajili yangu. Siku hizi nayachanganya kidogo sana kwenye lundo la mboji, katikati, nayafunika kwa majani makavu. Mengine wanakula kuku wa jirani, na mimi napata mbolea. Maji ya kuoshea samaki ni hivyo hivyo: mmea unayapenda, lakini paka wa Ngamiani wanayapenda zaidi, na paka akishaamua kwamba kuna dagaa chini ya nyanya yako, hiyo nyanya huna.

Mwisho nikapata mchanganyiko wangu, ambao mpaka leo sijaubadilisha sana. Ndoo mbili za udongo wa juu kutoka shamba la shemeji Pongwe, ndoo moja ya samadi iliyoiva, ndoo moja ya makumbi yaliyooshwa. Chini ya kila chombo nilitoboa matundu matano au sita kwa msumari uliopashwa moto kwenye jiko la mkaa. Kabla ya hapo nilikuwa sitoboi. Niliona ni kuharibu ndoo na kupoteza maji. Mizizi ikawa inakaa kwenye bwawa, inaoza, majani yananyauka, nami nikidhani ni kiu naongeza maji mengine.

Kutoboa kukaleta visahani, ili maji yasichafue saruji ya watu. Visahani vikaleta ugomvi. Ilikuwa 2019, mwaka ambao homa ya dengue iliikumba Dar es Salaam na Tanga yetu. Mzee mmoja, mpangaji mwenzetu, akalala kitandani wiki nzima kwa homa na maumivu ya viungo, na alipoinuka akaja moja kwa moja kwenye mimea yangu, akainua kisahani akaniita. Ndani ya maji mlikuwa na viluwiluwi vinarukaruka. Sikuwa na la kusema. Yule mbu wa dengue hapendi mitaro michafu, anapenda maji matulivu masafi kama yale niliyomwekea mimi, na huuma mchana watu wakiwa wameketi uani. Yai lake linafikia kuwa mbu kamili kwa kiasi cha wiki moja hivi joto likiwa kama letu. Nilivitupa visahani vyote siku hiyo hiyo, nikainua ndoo juu ya matofali mawili mawili, maji yashuke na kuzolewa na ufagio. Yule mzee hakuwahi kuniambia kwamba mbu aliyemuuma alitoka kwangu, na mimi sikuwahi kuwa na uhakika kwamba hakutoka kwangu.

Kitu kimoja tu nilikipanda ardhini katika nyumba ile. Karibu na ukuta wa bafuni saruji ilikuwa imepasuka, na shangazi aliniletea vitawi vitano vya asumini, kila kimoja unene wa penseli, na vifundo vitatu au vinne. Vinne nikavitia kwenye makopo, cha tano nikakichomeka kwenye ule ufa ili nisikitupe. Vya makopo vilikauka. Cha kwenye ufa kikashika, kikafuata ukuta, na mwaka wa tatu kilikuwa kinaninukishia chumba kizima. Asumini huchumwa jioni, vitumba vikiwa vimefumba bado, ndipo vifumbuke usiku kwenye nywele au kwenye kikuba. Pembeni nilikuwa na ndoo ya mrehani, basi wakati wa harusi mtaani nikawa natafutwa mimi kabla ya fundi wa hina. Jambo ambalo wengi wanashangaa nikiwaambia ni kwamba asumini ukiionea huruma inakunyima. Maua yanatoka kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo baada ya kuzaa uikate, tena uikate kweli, si kuinyoa nyoa.

Mwaka 2020 mwenye nyumba akaitaka nyumba yake. Tukapata nyingine Makorora, yenye ua wa udongo, peke yetu, na hapo nikafanya ujinga ambao bado unaniuma. Nikawagawia majirani mimea, nikabeba ndoo, na ule udongo wa miaka minne nikaumwaga kwenye kona ya barabara. Nilijiambia kwamba kule ninakokwenda kuna ardhi, udongo wa nini? Ulikuwa mweusi, mwepesi, una nyungunyungu. Mtoto wa jirani aliokota nyungunyungu wawili akaenda kuvulia samaki.

Siku ya kwanza Makorora nikainua jembe, likalia kama limegonga sufuria. Chini ya vidole vinne vya vumbi kulikuwa na matumbawe. Nikachukua mtaimbo, nikang'oa mawe wiki mbili, nikapata tuta la hatua sita kwa mbili. Nikalitia samadi kidogo niliyokuwa nayo, na juu yake nikamwaga majivu ya jikoni, kwa sababu kila mtu niliyemuuliza aliniambia majivu ni mbolea.

Mboga zikatoka njano, lakini njano ya ajabu: majani ya chini mabichi, machanga ya juu ndiyo yamepauka, huku mishipa yake imebaki kijani kama ramani ya mito. Nikaongeza samadi. Nikaongeza majivu. Yakazidi.

Aliyenifumbua macho ni binamu yangu aliyesomea kilimo, alipokuja kuchukua suruali. Hakutazama majani sana. Aliniomba siki. Nikampa ile ya kachumbari, akadondoshea kwenye bonge la udongo, udongo ukachemka povu kama soda iliyotikiswa. "Hiki ni chokaa," akasema. "Umekaa juu ya matumbawe, dada. Chokaa kinafungia madini ya chuma, mmea unayaona lakini hauwezi kuyala, ndiyo maana majani machanga yanapauka. Na majivu nayo yana tabia ya chokaa. Unamtilia chumvi mtu ambaye chakula chake kimeshazidi chumvi." Majivu si mabaya kwa kila mtu. Shambani kwa shemeji, kwenye udongo mwekundu wenye ukali, yanasaidia. Kwangu yalikuwa sumu, na ushauri niliupata kwa watu ambao hakuna aliyeuliza nakaa wapi.

Siku ile ile, bado ameshika chupa ya siki, akaniuliza kama najua ua la Tanga lililo maarufu kuliko yote duniani. Nikasema asumini, nikasema mwaridi, nikasema mkonge. Akasema mkonge wenyewe ni mgeni, uliletwa na Wajerumani kutoka Florida mwaka 1893. Kisha akanionyesha kwenye simu kijiua cha zambarau, majani yake mazito yenye vinyweleo. Kinaota kwenye majabali yenye kivuli huku kwetu, upande wa Amboni na kwenye misitu ya Usambara. Mwaka 1892 ofisa wa utawala wa Kijerumani aliyekuwa hapa, Walter von Saint Paul-Illaire, alikipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akakiandika kwa jina Saintpaulia, kwa heshima ya familia hiyo. Leo kinakaa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani, watu wana vyama vya kukikuza, wanakipanda kwa kuchomeka jani moja tu kwenye udongo. Mimi nilikuwa naweka maua ya plastiki juu ya televisheni. Niliyaondoa jioni ile. Ukikutana nacho msituni kiache, maana porini kimebaki mahali pachache na misitu inakatwa; nakitaja tu kwa sababu nilikaa miaka kwenye mji huu nikiona jabali la chokaa ni mahali pasipoota kitu.

Nikaacha kupigana na ardhi ya Makorora, nikajenga juu yake. Nikapanga mawe yale yale ya matumbawe kuzunguka, nikalinyanyua tuta kwa udongo wa Pongwe, samadi na mboji, sentimita 30 hivi, bila hata chembe ya majivu. Hiyo ilikuwa pesa ya kodi ya mwezi mmoja ukijumlisha usafiri, na mume wangu aliniuliza, kwa upole lakini aliuliza, kama nimesahau kwamba tumepanga. Matembele yakaenea yenyewe. Ukitaka mboga ya mpangaji, mboga ya mtu ambaye hajui miezi sita ijayo atakuwa wapi, panda matembele: kipande cha tawi urefu wa shibiri moja na nusu, nusu ardhini nusu juu, na mwezi haujapita vizuri unachuma. Mchicha ni wiki tatu nne. Bamia inataka karibu miezi miwili, kwa hiyo hapo tayari unaweka imani.

Nyanya ndiyo iliyonitesa. Nilipanda mara ya kwanza Januari, kaskazi inavuma, joto halishuki hata usiku. Miche ikanenepa, ikajaa maua, maua yakaanguka yote. Nikanunua dawa. Hakukuwa na mdudu. Ni joto tu. Nyanya usiku ukiwa wa moto haishiki tunda. Zile nzuri za sokoni Mgandini zinashushwa kutoka Lushoto, na Lushoto watu wanalala na blanketi. Nilipohamishia kupanda kwangu mwezi wa tano, ili maua yakutane na kipupwe, nikavuna mpaka nikauza. Karoti na kabichi nimewaachia watu wa milimani, wala sina kinyongo.

Mwaka uliofuata nikarudia nyanya pale pale, kwa sababu pale ndipo zilipokubali. Zikawa zinanyauka mchana, jioni zinainuka, kesho yake zinanyauka zaidi. Binamu akaniambia kwa simu nikate shina karibu na ardhi, nilining'inize kwenye glasi ya maji safi. Likitoa utando mweupe kama moshi unaoshuka, ni mnyauko wa bakteria, na hapo sahau. Maji yangu yalibaki safi. Basi ng'oa mmoja, akasema. Nikang'oa. Mizizi ilikuwa imejaa mafundo, manene na madogo, kama tasbihi iliyosokotwa vibaya. Minyoo fundo, isiyoonekana kwa macho, ilikuwa imeingia ndani ya mizizi ikaifanya nyumba. Nyanya, bamia, bilinganya, zote inazipenda, na mimi nilikuwa naziandamanisha humo humo mfululizo. Nikapanda vitunguu maji na mahindi kidogo kwenye tuta lile, nikadhani nimemaliza.

Kisha 2023 tukahamishwa tena, na safari hii nikasema udongo sitauacha. Ndiyo ile siku ya kirikuu. Viroba tisa, na nilikuwa najisifu njia nzima.

Pale Sahare nikajaza madumu yaliyokatwa, nikapanda bamia. Mwezi wa pili zikadumaa. Nikang'oa moja nikijua nitakachokiona, na nilikiona. Nilikuwa nimelipa shilingi 10,000 kuisafirisha minyoo yangu kutoka Makorora hadi baharini.

Wengine wangeutupa. Mimi nilikuwa nimeshautupa mmoja maishani. Nikasubiri Januari, jua la kichwa wazi, nikaumwaga udongo wote juu ya turubai uani, tabaka la kiganja kimoja, nikaulowesha, nikaufunika kwa nailoni angavu, ile inayopitisha mwanga, si nyeusi, nikaubana pembeni kwa mawe ili hewa isiingie. Wiki sita. Kila baada ya wiki mbili nilifunua, nikageuza, nikalowesha tena. Ukiingiza mkono chini ya nailoni ile saa nane mchana unautoa haraka. Watoto walipaita kaburi la mama. Lakini bamia zilizofuata mizizi yake ilikuwa myeupe na myembamba kama nyuzi za kushonea, na tangu hapo kila Januari kuna zamu ya viroba vya kuota jua. Udongo ukishapigwa jua hivyo unakuwa umefiwa na vijidudu wema pamoja na wabaya, kwa hiyo naurudishia mboji kabla ya kupanda.

Sahare ina shida yake, nayo ni chumvi tena, safari hii ya hewani na ya kisimani. Kusi ikianza, majani yanayoelekea bahari yanaungua upande mmoja kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Nikasimamisha uzio wa makuti, si ukuta, kwa sababu ukuta unaupindua upepo ukaangukia ndani, makuti yanauchuja. Kisima cha hapa ni cha wapangaji wote, maji yake yanafaa kufulia. Nilipoyatumia kwa mimea, miezi miwili baadaye midomo ya madumu ilikuwa na ukoko mweupe. Maharage yakafa ya kwanza, hayaiwezi chumvi kabisa. Spinachi haikujali kabisa. Kunde ikavumilia.

Dawa ya ukoko ule ni mvua. Paa letu ni la bati, na hesabu yake ni rahisi kuliko ya kukata gauni: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Upande wa paa unaomwagia kwangu ni kama mita 10 za mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 20, ambayo masika ni ya kawaida, inanipa kiasi cha lita 200. Najaza pipa, nalifunika kwa chandarua kilichochakaa (2019 sijaisahau), na mara moja kila baada ya wiki kadhaa namwagilia kila dumu mpaka maji yatoke chini kwa wingi, yaondoke na chumvi. Hapo ndipo nilipoyashukuru matundu ya msumari.

Maua nayo nimeyachagua kwa ubaya wa mahali. Bogenvilia inapenda jua, inavumilia chumvi, na ukiimwagilia sana inakupa majani matupu. Ukiiacha ione kiu kidogo inawaka. Waridi la jangwani nalo halijali upepo, shina lake nene linahifadhi maji, ila utomvu wake ni sumu kali, watu wa zamani wamepakia mishale kwa utomvu wa mimea ya ukoo huo. Nimeliweka juu ya kinu kibovu, mbali na mikono ya watoto, na nikilikata naosha mikasi kabla sijarudi kwenye kitambaa. Mwenye nyumba hapendi mboga, anasema zinaleta wadudu, lakini wageni wake wakija anawapitisha kwenye bogenvilia yangu taratibu, kama ni ya kwake.

Kuhusu wadudu sina mengi. Vidukari na inzi weupe nawapulizia mwarobaini: gramu 50 za kiini cha mbegu iliyotwangwa kwa lita moja ya maji, inalala usiku kucha, inachujwa, inatiwa sabuni ya kipande kidogo ili ishike jani. Puliza jioni, kwa sababu jua linaiua nguvu. Watoto wangu wanachuma nyanya na kula bila kunawa, basi dawa za madukani siziingizi uani.

Miezi michache iliyopita dada anayeishi sasa kwenye chumba chetu cha Ngamiani alinipigia. Namba yangu alipewa na yule mzee wa dengue. "Shangazi," akasema, hatujawahi kuonana, "mti wako umefika dirishani kwangu na hautoi maua." Nikaenda Alhamisi moja na mkasi mkubwa wa kukatia makoti. Ule ufa wa saruji umekuwa mpana kama bakuli, na shina ni nene kama mkono wa mtoto. Nikaukata mpaka yule dada akashika kichwa. Nikarudi Sahare na vitawi saba kwenye khanga mbichi, nikavitia kwenye madumu, kwenye ule udongo wa Makorora uliopigwa jua. Vitano vimeshika. Nilipopita tena pale, alinipa kitumba cha kwanza kilichotoka baada ya kukatwa, amekifunga kwenye karatasi ya sabuni.

Mkataba wa hapa unaisha mwezi wa tatu, na mwenye nyumba ameanza kusema kwamba mtoto wake anarudi kutoka Dar. Nimefua viroba kumi na vinne, nimevikunja chini ya cherehani. Na namba ya yule dereva wa kirikuu bado ninayo.